Uwe Kiongozi, Uwe Fukara, na Uwe na Salio

Mimi jamani sitaki makubwa. Nataka kusoma sera ya umma, shahada ya uzamili, mwaka mmoja kama ni Uingereza au miwili kama ni Marekani, halafu nirudi kwenye meza yangu nikiwa najua kwa nini waraka ukitoka ofisini kwetu na nia njema humfikia mwananchi ukiwa adhabu. Basi. Sijaomba kupelekwa mwezini. Na hao wa mwezini wanalipiwa!

Tabu ni pesa. Jamaa mmoja hapa kazini kila tukikutana kwenye ngazi ananiambia, "Omba uzamivu, ndugu yangu, mbona unajitesa?" Ni kweli, vyuo vingi vya Marekani humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na posho juu, ili mradi afundishe na kufanya utafiti. Sasa kwa kuwa sina pesa ya kusoma miaka miwili, dawa yake ni nijifunge mitano au zaidi! Uzamili wa sera, wao wanauhesabu kuwa ni kitu ambacho utajilipia mwenyewe au mwajiri wako atakulipia. Mwajiri wangu? Huyu anayetoa karatasi za printa kwa sahihi tatu?

Shule ya Kennedy, ile ya sera ya umma pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ada peke yake inapita dola 50,000 kwa mwaka, na hapo hujala wala hujapata pa kulala. Nikasema nikope. Mikopo ya serikali ya Marekani kumbe si ya wageni kama mimi, na ile ya binafsi mingi inataka mdhamini awe raia wa kule au mkazi wa kudumu. Nimtoe wapi Mmarekani wa kubeba deni la mtu anayemjua kwa barua pepe tu? Chuo Kikuu cha Princeton, huko huko Marekani, kweli, shule yao ya masuala ya umma huwalipia ada wanafunzi wake wa uzamili. Habari hiyo njema imenifikia mimi, na imemfikia pia kila mwenye masikio duniani, na darasa lao ni dogo.

Ndipo mtu unaangukia kwa wafadhili wa nje. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba natakiwa niwe kiongozi.

Chukua Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza 1983. Wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800. Kwa miaka niliyokaa kwenye kiti hiki nilidhani nitavuka huku napiga mluzi. Lakini nikaanza kujiuliza kuhusu vikao. Kikao cha kupanga kikao, kile kilichoanza asubuhi kikaahirishwa jioni kwa kukosa akidi, ni saa za kazi zile? Na mtu akisinzia humo ndani, zinaendelea kuhesabiwa au zinasimama? Fomu haisemi. Nimeziandika zote.

Halafu insha. Eleza ulivyoongoza na kuleta mabadiliko. Nikakaa mbele ya kompyuta usiku, kasha la kuandikia jeupe, kale kamstari kanapepesa kananisubiri. Nimeongoza nini mimi? Nikakumbuka. Niliwahi kupewa uenyekiti wa kamati ya funguo za choo. Pale ofisini kulikuwa na ufunguo mmoja, anakaa nao katibu muhtasi, na katibu muhtasi akienda likizo idara nzima inateseka. Sisi wanakamati tukachongesha ufunguo wa pili, tukaufunga kwenye kipande cha ubao ili mtu asiusahau mfukoni. Hiyo ndiyo historia yangu ya uongozi, na kusema kweli watu walinishukuru sana.

Nikaiandika hivi: "Niliongoza timu ya idara mbalimbali katika mageuzi ya upatikanaji wa huduma ya msingi ndani ya taasisi ya umma, na kuondoa utegemezi wa mtoa huduma mmoja." Nikaisoma tena. Nikajiheshimu. Nikaongeza sentensi kuhusu usawa wa kijinsia, maana wale wa ghorofa ya chini, wanawake watupu, ndio waliokuwa wakipanda ngazi kuufuata ule ufunguo, na hilo si uongo hata kidogo. Kama hiyo si sera ya umma basi sijui wanaisoma ipi huko.

Lakini ukisoma habari za waliopata, unajiona hufai. Mtu ana umri wa mdogo wako wa mwisho, ameanzisha mashirika mawili, ameshauri wizara, amehutubia mkutano wa mabadiliko ya tabianchi na muda wa kukimbia mbio ndefu bado anao. Swali langu, na ninaliuliza kwa heshima zote: kiongozi wa namna hiyo anakosaje ada? Si aombe kwa hao aliowaongoza?

Wengine masharti yao yanataka ukae chini kwanza. Kuna ule wa Japani na Benki ya Dunia, umekuwepo tangu 1987. Huu unataka uwe tayari umekubaliwa na chuo kilichomo kwenye orodha yao, na ukubaliwe bila sharti lolote lililobaki, isipokuwa sharti la pesa. Nimelisoma hilo mara nyingi na kila mara nalipenda zaidi. Maana yake chuo kimeridhika na alama zangu, Kiingereza changu na hata insha ya choo. Kilichobaki ni kitu kidogo tu, kile ambacho sina.

Wajerumani nao wana programu ya ufadhili yenye jina la chansela wao wa zamani, Helmut Schmidt, hasa kwa ajili ya sera ya umma na utawala bora. Hiyo kwangu ndiyo yenye huruma kuliko zote, kwa sababu inakutazama kama mtu mwenye tumbo. Ila inaanza na kozi ya Kijerumani ya miezi sita huko huko Ujerumani, hata kama masomo yenyewe utasoma kwa Kiingereza. Sina neno. Nusu mwaka wa kula kwa posho huku nikijifunza kuomba chumvi, nani atakataa?

Na Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wengi hawajui kwamba ilianza 1946 kwa pesa zilizopatikana kwa kuuza vifaa vya vita vilivyobaki nje ya nchi yao. Nilipolijua hilo nilitazama ghala la ofisi yetu kwa jicho jipya. Mle mna viti vilivyovunjika vya kutosha kunisomesha mpaka uprofesa.

Sasa tuje kwenye maumivu hasa. Kukataliwa kunauma, lakini mtu huzoea. Barua huanza na "Tunasikitika", nawe unafunga kompyuta unakwenda kulala. Kinachoua ni kukubaliwa nusu. Chuo kinakuandikia kwa furaha kubwa, herufi zimenenepa, "Hongera! Kamati imevutiwa sana na maombi yako na imeamua kukupa ufadhili." Unapiga kelele. Unampigia mama. Mama anapiga kelele. Halafu unashuka chini kidogo unakuta ni punguzo la robo ya ada. Robo! Yaani wamekuuzia kwa bei ya rafiki. Zile robo tatu, gharama za maisha, bima, nauli na viza ni zako. Na wamekupa majuma mawili uwe umelipa amana ya kushika nafasi, isiyorudishwa. Mpaka hapo mama ameshawaambia ndugu wote kwamba mwanawe anasomeshwa na wazungu. Kesho yake simu zinaanza kuingia, ndugu wananiomba mkopo!

Mwenzangu mmoja wa dawati la pili alipata afadhali: ada yote ililipwa, chuo cha Uingereza, zikabaki pesa za kujikimu azitafute mwenyewe. Sheria ya viza kule, kwa waombaji wa nchi nyingi, inataka pesa za matumizi ya mpaka miezi tisa zionekane benki, na ziwe zimelala humo siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Familia ikajikusanya, zikaingia kwenye akaunti yake kikamilifu, wala hakuna senti ya ziada.

Zile siku 28 tuliziishi ofisi nzima. Baba yake alikuwa anapiga simu kila asubuhi kabla ya chai, hamsalimii, anauliza tu, "Zimeamkaje?" Naye anafungua programu ya benki, anachungulia, anajibu, "Zimeamka salama, baba." Tukipita kwenye dawati lake tunaulizia hali ya pesa kama tunavyoulizia mgonjwa. Alikatazwa hata kununua salio la simu kwa akaunti hiyo. Mwezi ukaelekea kwisha, na benki, ambayo sitaitaja maana na mimi wananikata huko huko, ikatoa gharama ya kuendesha akaunti. Kiasi kidogo mno, hata mwombaji wa barabarani angekirudisha. Kikaitoa akaunti chini ya mstari. Hesabu ikaanza upya, siku ya kwanza. Yule mzee alipopiga asubuhi ile, hakuna aliyetaka kuwa karibu na simu.

Ndiyo maana nasema hawa watu wanatafuta binadamu wawili ndani ya suti moja. Kwa mfadhili nadhihirisha kwamba bila yeye siendi popote, sina kitu. Kwa afisa wa viza natakiwa niwe nacho. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamchukulia mwombaji wa viza ya mwanafunzi kuwa ana nia ya kuhamia moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba atarudi. Una nyumba? Sina. Una shamba? Sina. Biashara? Ningekuwa nayo ningekuja hapa kuomba? Vile vile vilivyonipa alama kwenye fomu ya ufadhili ndivyo vinavyonifanya nionekane mtoro dirishani, na pale dirishani unapewa dakika chache tu za kujieleza. Hakuna anayeniuliza kuhusu zile funguo.

Sijagusa barua za mapendekezo. Profesa wangu ni mtu mwema na ana shughuli nyingi, na kila chuo kinamtumia kiungo chake, chenye nywila yake, na maswali yake: mwombaji huyu yumo katika asilimia ngapi ya wanafunzi bora uliowahi kuwafundisha? Kumi? Tano? Moja? Profesa mkweli yule, ananipigia kuniuliza, "Wewe ulikuwa unakaa upande gani wa darasa?" Nimemkumbusha kwa upole mpaka upole umeniishia. Sasa namtumia salamu za sikukuu, zote, hata za dini isiyo yake.

Na huku unasubiri, vyeti vinakufia mkononi. Matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, yanatambulika miaka miwili tu. Yale ya GRE, mtihani wa kuingilia uzamili wenye hesabu ndani yake, kwa shule zinazoyadai bado, ni mitano. Kwa hiyo kitaalamu hesabu zangu ni hai ila Kiingereza changu kimekufa. Sijasahau hata neno moja, na barua ya kuniambia kimekufa imeandikwa kwa Kiingereza nikaielewa yote. Kulipia mtihani upya ni pesa. Kulipia ada ya maombi ni pesa. Unaweza kuomba usamehewe ada hiyo, sawa, kwa kujaza fomu ya kuthibitisha kwamba huna uwezo, na mojawapo ya viambatisho ni taarifa ya benki. Ile ile ambayo mwaka ujao nitaipeleka ubalozini kuthibitisha kwamba ninao.

Shangazi naye hajakaa kimya. Kila siku ananitumia viungo: skolashipu ya asilimia mia, hakuna mtihani wa Kiingereza, hakuna kikomo cha umri, bofya hapa utume namba ya kadi yako. Nikimwambia ni matapeli ananijibu kwamba ndiyo maana sipati, nina kiburi. Halafu anauliza lile swali lake: daktari akimaliza anakuwa daktari, mhandisi anakuwa mhandisi, wewe ukimaliza sera ya umma unakuwa nani? Namwambia nitakuwa mchambuzi wa sera. Anakaa kidogo, anasema, "Si hicho unachofanya hapa kila siku ukirudi kazini, kulalamika?"

Na dirisha la maombi limefunguliwa tena juzi. Nimeshaingia, fomu inanikumbuka, jina limejijaza lenyewe. Safari hii wameongeza kipengele: kama uliwahi kuomba ufadhili huu, eleza ni nini kimebadilika tangu wakati huo. Wametoa nafasi ya maneno 300. Nimeandika: umri, na funguo za choo sasa ni tatu. Nimehifadhi rasimu. Imebaki sehemu ya profesa, na simu yake inaita tu.