Hati Haiuzi Ua

Wiki jana tulikalishwa kwenye hoteli moja hapa Nakuru, chai na mandazi juu ya walioandaa mkutano, tukaambiwa kila mwenye kitalu atafute aina yake mpya ya ua, aisajili, kisha asubiri pesa. Asubiri! Kando yangu mama mmoja anayeuza miche barabarani kwenye mikebe ya rangi alikuwa anaandika kila neno.

Hakuna aliyemwambia kwamba akianza kuuza aina yake humu nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupeleka ombi KEPHIS, shirika la serikali linalosajili aina mpya za mimea, kisheria si mpya tena. Na tunajuana sisi: ua likichanua leo, kesho liko sokoni. Karo haingoji.

Kinachonichoma zaidi ni hii imani kwamba hati ya usajili, ile inayokupa haki ya pekee ya kuzidisha na kuuza aina yako, ndiyo inayoleta pesa. Si waende hapo Naivasha waone waridi linavyofika sokoni? Tangu chavua ipakwe hadi mkulima auziwe miche, miaka saba hata kumi imekwisha. Mistari ya majaribio inapandwa, wakulima na wanunuzi wanaitwa, na hao hawababaishwi na rangi. Mkulima anauliza mita moja ya mraba inatoa mashina mangapi kwa mwaka, na ugonjwa wa ukungu unalipenda kiasi gani. Mnunuzi anauliza litakaa siku ngapi kwenye maji baada ya safari ya ndani ya boksi. Ua lenye sura ya malaika likifeli hapo, linang'olewa. Linalopita, mkulima analilipia mrabaha, yaani malipo kwa mwenye aina, kwa kila mche bila kununa sana, maana ameshapiga hesabu akaona faida yake.

Haya, wezi wa vipandikizi wapo, na haki ya miaka 20 inayotoka na hati si haba. Lakini nani ataiba ua lisilo na mnunuzi?

Mama yule ana bogainvilia yenye tawi lililojigeuza lenyewe, majani yana mabaka ya rangi ya maziwa. Linavutia kweli. Mama, usiuze hata mche mmoja kwanza. Wape wapanda bustani wawili watatu wa Milimani wakujaribie, muandikiane kwamba hawauzi wala hawazidishi miche, halafu uangalie kama matawi mapya hayarudi kijani kitupu. Mabaka yakidumu, na wenye bustani wakianza kukupigia simu wenyewe, hapo tutaongea habari za ada ya usajili.