Mkono Ndani ya Gunia

Mnunuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hadanganyiki na dagaa wa juu. Anafungua mdomo wa gunia, anawatazama wale wanaong'aa, halafu anakunja mkono wa shati na kuuzamisha mpaka kwenye kiwiko. Anachota kiganja kimoja kutoka chini, ananusa, anasugua kwa kidole kutafuta mchanga, anatafuna mmoja. Ndipo bei inaanza.

Nami nanunua hivyohivyo. Jumapili ndiyo nasahau.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na zamu ya mlangoni kanisani, ibada ya kwanza. Akaingia mama mmoja amejifunga kanga mbili zilizopauka, harufu ya dagaa imemtangulia. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, mitumbwi imelala ziwani na taa zake, na akina mama wapo ufukweni tangu alfajiri wakipokea mzigo na kuanika. Alikuwa katoka huko moja kwa moja, magamba yamemganda kwenye kucha. Nikamwonyesha benchi la mwisho, karibu na dirisha. Nilitabasamu, tena nikamwambia "karibu mama". Dakika kumi baadaye akaingia bwana mwenye suti ya kijivu, kachelewa, nikamsindikiza mpaka safu ya pili na kumwinua kijana mmoja ili apate nafasi.

Hakuna muujiza uliofuata. Bwana yule hakugeuka tapeli, wala mama hakutoa sadaka ya kushangaza watu. Kilichoniumbua ni zamu nyingine, ya kusoma neno kwenye jumuiya wiki ileile. Yakobo, sura ya 2: anaingia mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaambiwa keti hapa mahali pazuri, anaingia maskini, anaambiwa simama pale. Nilisoma kwa sauti mpaka mwisho, jasho linanitoka, huku mwenyekiti wa jumuiya akiitikia kwa kichwa.

Tunaupenda sana mstari wa 1 Samweli 16:7, kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Tunaupenda kwa sababu kila mtu anautumia kujitetea. Lakini tazama aliyeambiwa maneno hayo ni nani. Ni Samweli, nabii, mtu aliyeisikia sauti ya Mungu tangu utotoni. Amesimama Bethlehemu na pembe ya mafuta ya kumpaka mfalme mpya, anamwona Eliabu mwana wa Yese, kimo kimesimama, anasema moyoni huyu ndiye. Geuza sura moja tu: Eliabu huyohuyo anamfokea mdogo wake Daudi, ndiye aliyechaguliwa, kule vitani, na kosa la mtoto ni kuuliza maswali. (Na Daudi naye, Biblia inasema wazi, alikuwa mzuri wa sura. Kwa hiyo uchafu si utakatifu, na anayependeza hana dhambi kwa kupendeza.)

Sasa kama Samweli alikosea, mimi wa mlangoni nitauonaje moyo wa mtu kwa sekunde tatu? Hapo ndipo nadhani tunausoma mstari ule kwa haraka. Tunafikiri unatuagiza tuwe wapimaji wa mioyo, tumwangalie mwenye kanga iliyopauka na kuamua kwamba huyu ndiye mwema, yule wa suti ana lake jambo. Huko nako ni kuhukumu kwa nguo, umegeuza upande tu. Moyo hauonwi na mpita njia. Gunia lenyewe halijulikani mpaka mkono uingie, na mkono hauingii bila kusogea karibu na kukubali kunuka. Yakobo hakutuagiza tukague mioyo. Alizungumzia mahali pa kukaa, jambo ambalo hata mimi naliweza.

Kuna kwaya nazijua ambazo dada akikosa hela ya kitenge cha sare, siku ya uimbaji anabaki benchi. Sauti anayo, mazoezi kahudhuria yote. Sioni tofauti kubwa na nilichofanya mimi.

Yule mama bado anakuja. Siku za giza zikifika, najua atachelewa kidogo. Nimekwisha kumpeleka mara mbili mpaka safu ya pili, na mara zote mbili amerudi zake kwenye benchi la mwisho. Nilipomuuliza, akacheka. "Mwanangu, huko mbele kuna joto. Hapa dirishani napata upepo wa ziwa."