Kamera Yenye Kwikwi

Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, Unguja, huitwa makachu. Kuwapiga picha kunataka mambo matatu yakutane: maji yawe yamejaa, jua liwe limeshuka, na kamera ifyatue pale unapobonyeza. Siku za bamvua maji ya pale hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na yakipwa hakuna mwenye akili timamu anayeruka kutoka ukutani. Jioni ile maji yalikuwa juu bado, na jua lilikuwa upande wa bahari, kama inavyotakiwa. Jambo la tatu ndilo lililotuweka mjini.

Kwanza lenzi iliingia ukungu. Shemeji yangu, mume wa dada, hulala na kiyoyozi kwenye nyuzi 18, na kamera ililala naye. Ukiitoa hivyo kwenye joto la pwani, unyevu wa hewa unaganda juu ya kioo baridi. Dawa yake ni kuifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla hujatoka chumbani, uiache humo nusu saa ipate joto, unyevu ugande kwenye plastiki badala ya lenzi. Kufuta hakusaidii, ukungu unarudi. Shemeji alifuta. Kwa shati.

Ulipokwisha nikapanga kila kitu: spidi ya shata 1/1000 ili mrukaji agande hewani, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, mwanga nikaupima angani pembeni ya jua ili vijana watoke weusi kama vivuli. Kachu wa kwanza akapiga mbio, akaruka, nikabonyeza.

Pi. Pi. Pi.

Anayeruka kutoka pale hukaa hewani sekunde moja hivi. Kamera ikaendelea na pi-pi zake, kijana akazama, akaibuka, akafuta makamasi, akaanza kupanda ukuta, ndipo shata ikalia. Nikapata picha nzuri sana ya maji.

Usiku uliotangulia Shemeji alitaka naye awemo kwenye picha ya pamoja, akaiweka kamera juu ya meza na kuitega isubiri sekunde 10. Kamera nyingine ukizizima zinasahau mtego huo. Ile yetu haisahau, maana mtego hauko kwenye menyu: uko kwenye kigurudumu chembamba chini ya gurudumu kubwa la modi, nacho kina kufuli yake. Tuliizima, tukaiwasha, tukachomoa betri, tukapuliza. Pi, pi, pi.

"Kuna alama ya saa hapa kwenye kioo," nikamwambia.

"Hiyo ni tarehe, shemeji. Betri ya ndani ikifa, saa inapotea, inakukumbusha uiweke. Lete huku."

Alichosema kipo, kamera kadhaa hufanya hivyo, na ndiyo maana nilimwachia. Akakaa kwenye benchi, akaanza kuweka mwaka, mwezi, siku, na saa za nchi yetu kwa kutafuta mji kwenye ramani ndogo ya dunia. Jua linashuka, yeye yuko Pasifiki anatafuta Afrika.

Wakati tunangoja nikamwomba ruhusa muuza kahawa aliyekuwa jirani. Mjini Unguja huelekezi kamera usoni kwa mtu bila kuomba, na ukikataliwa unashukuru na kupita. Mzee akakubali kwa moyo mweupe. Akainua dele juu kabisa, akaanza kumimina kwenye kikombe, uzi mwembamba wa kahawa ukimeremeta kwenye jua. Nikaichukua kamera kwa Shemeji, nikabonyeza.

Pi. Pi. Pi.

Mzee alikuwa muungwana: kaambiwa picha, basi hatikisiki mpaka picha ipigwe. Kikombe cha kahawa ni kidogo, hakihimili sekunde 10. Kikajaa, kikamwagikia kisahani, kisahani kikamwagikia makubadhi ya Shemeji, na Shemeji akaruka juu kuliko kachu yeyote wa siku ile. Shata ikalia. Mzee akashusha dele, akauliza kwa upole, "Imetoka?"

Tukalipia kahawa iliyokuwa chini.

Makachu walikuwa wanatazama yote haya wakiwa wamekaa ukutani. Mmoja akaniita: "Mjomba, kamera yako ina kwikwi?" Lakini ni vijana wenye masikio. Walishagundua kwamba zikibaki sekunde mbili hivi ule mlio unakwenda mbio, pi-pi-pi-pi, kisha ndiyo inafyatua. Wakaniambia nibonyeze, wao watausikiliza. Nikabonyeza. Wakapanga foleni, wakajinyoosha viungo, mlio ulipoharakisha wakakimbia wote kwa pamoja na kuruka. Umati ukapiga makofi. Kuna watalii walidhani mlio ule ni sehemu ya mchezo, wakatoa pesa.

Picha haikuwafaa kitu. Kamera yetu ikitegwa hivyo hushika fokasi pale unapobonyeza, si pale inapofyatua, na nilipobonyeza ukuta ulikuwa mtupu, ikamshika muuza kahawa aliyekuwa anakatiza. Kwa hiyo vijana wanne wako hewani kama moshi, na kando yao dele limetoka kali hivi kwamba unahesabu mikwaruzo yake.

Aliyetuokoa ni huyo huyo wa kwikwi. Alipanda akitiririka maji, akainama, akabana kufuli kwa kidole kimoja na kuzungusha kigurudumu kwa kingine, kutoka alama ya saa hadi kupiga mfululizo. "Maji ya chumvi!" Shemeji akapiga kelele, na hapo alikuwa sahihi, chumvi inakula vifungo, usiku nilifuta mwili wote wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Kamera ikafyatua tatatata. Ila adhana ya magharibi ilishaanza, makachu wakachukua nguo zao wakaondoka, na mfululizo wangu wote ukamwangukia Shemeji akikamua suruali.

Tulipofika Dar nikazihamishia picha kwenye kompyuta, nisizione. Zilikuwa chini kabisa, Februari 2014, zimebanana na picha za harusi yake. Dada ndiye aliyeziona.

"Baba Salma, Februari ile si uliniaga unakwenda Tanga kikazi? Forodhani ulifuata nini?"

Njia ya kujinasua ilikuwa moja: aseme tarehe aliiweka yeye, na aliikosea. Shemeji akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Nadhani wakati wa kurudi nilipitia Unguja mara moja," akasema.

"Na shati nililokununulia Idi iliyopita ulilipata wapi?"