Ndiyo, Ni Mimi Niliyepara Sato 12

Sawa. Video mmeiona, ile ya mimi kupara samaki baada ya kushindwa poka. Fundi Baiskeli ameirusha kwenye makundi matatu kabla sijanawa mikono, na juu yake kaandika "Profesa akiwa maabara". Leo asubuhi muuza vitumbua kanisalimia, "Mwangaluka, Profesa!" Nikanunua vitumbua sita nisivyovihitaji ili niondoke bila maswali. Sasa nisikilizeni mimi, maana Fundi ameanza kuongeza chumvi, na hicho kipande anachodai nilitoa machozi tutakifikia.

Kwa wageni: Jumamosi jioni huwa tunacheza poka Kirumba, hapa Mwanza, uani kwa shemeji, watu sita. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha katikati zinafunuliwa tano za wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja, na kila hatua watu wanaweka dau, wanalipa au wanatupa. Pesa haigusi meza. Tunatumia visoda, vilevile vya drafti, kila mtu 100. Dau dogo la lazima ni kisoda 1, kubwa visoda 2. Alama ya mgawaji ni kifuniko chekundu cha dumu, nacho kinahama mtu mmoja kwenda kushoto kila karata zikigawiwa upya. Wa kwanza kuishiwa anapara samaki wa wote. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Tena ni mimi ninayewasumbua wenzangu kuhusu nafasi mezani. Miezi mitatu sasa. Nimechora duara kwenye mchanga kwa kijiti, nimepanga vikombe vya chai viwe wachezaji. Somo langu ni hili, na bado nalisimamia hata kama mikono inanuka: karata mbili zilezile zina thamani tofauti kulingana na ulipokaa. Mwenye kifuniko, zikishafunuliwa zile tatu za katikati, anaongea wa mwisho mpaka mchezo uishe. Ameona nani kapandisha, nani kagonga meza akapita, nani kasita. Akitaka karata inayofuata bure, wengine wakipita naye anapita. Akitaka kupiga mkwara, yaani kutisha kwa dau bila karata nzuri, anaupiga akiwa ameshaona unyonge wa wenzake. Aliyekaa kiti cha kwanza, baada tu ya dau kubwa, ana watu watano nyuma yake ambao hajui wameshika nini. Kwa hiyo hapo mimi hufungua, yaani huwa wa kwanza kupandisha dau, kwa karata kama 15 katika kila 100. Kwenye kifuniko nafungua zaidi ya 40.

Na mfano wangu wa siku zote, Mungu anisamehe, ni K na J za alama tofauti. "K na J kiti cha kwanza," huwa nawaambia, "ni shati zuri lenye tundu mgongoni." Ukipata K mezani, mwenye A na K au K na Q anakumaliza polepole. Kwenye kifuniko cheza. Kiti cha kwanza tupa.

Shikeni hapo hapo.

Jumamosi hiyo Mama Mkubwa alikuwa anatoka Sengerema. Enzi za kivuko angefika saa mbili usiku amechoka, akalala. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi. Nimefika namkuta ameshakaa, kanga begani, visoda amevipanga kumikumi kama nyanya za fungu.

Mnaomjua mnaelewa. Poka anaiita "karata za kubabaishana", na akiamua kupandisha anapandisha. Mtu wa namna hiyo unakaa kushotoni kwake, ili yeye aongee kwanza, wewe umsikie, ndipo uamue. Mchezo unazunguka kwenda kushoto, na visoda hufuata njia hiyohiyo: unavitoa kwa aliye kuliani kwako, unavipoteza kwa aliye kushotoni. Mchokozi awe kulia, mwoga awe kushoto. Nimelifundisha hilo kwa vikombe!

Viti vilibaki viwili. Cha kushotoni kwake kilielekea jiko la mkaa, moshi wote unakuja usoni. Cha kuliani kwake kilipata upepo wa ziwa na kilikuwa na mto.

Nikakaa kwenye mto.

Saa nzima nikawa nalipia ule upepo. Nikifungua kwa 6, yeye nyuma yangu anaweka 18. Natupa. Nikifungua tena, 20. Natupa. Halafu ananipigapiga begani, "Pole, mwanangu." Ilinichukua muda kurudisha visoda vyangu kwa kumnyang'anya Fundi, aliyekuwa kuliani kwangu, na ambaye nadhani ndiyo maana alikuwa na simu mkononi akisubiri.

Basi. Nina 100 kamili. Kifuniko kipo mbali, mimi kiti cha kwanza, Mama Mkubwa anafuata. Nachungulia karata: K ya kopa, J ya shupaza. Wanafunzi wangu wote wapo mezani. Nikafungua kwa 6.

Mama Mkubwa safari hii hakupandisha. Alilipa 6 tu, kimya. Wengine wote wakatupa. Katikati visoda 15, na kichwani nikasema: kalegea huyu.

Zikafunuliwa Q, 9, 4. Sina jozi, ila 10 ikija nina mfululizo wa 9 mpaka K. Nikaweka 8, akalipa. Ikaja 2. Nikaweka 20, akalipa bila hata kuacha kutafuna karanga. Katikati 71. Ya mwisho ikawa 3. Sina chochote. Nina K inayotazama angani.

Mtu mwenye akili anapita hapo. Ila mimi naongea kwanza, sijui yeye ana nini, nikakisia. Nikasema, "Zote," nikasukuma visoda 66. Ili akilipa apate faida, ilimtosha kuwa sahihi mara moja katika tatu. Hesabu hiyo niliijua, nikaikalia.

Sasa hapa twende polepole, kwa sababu kila usiku naenda nayo polepole.

Mama Mkubwa akaacha kutafuna. Akatazama meza. Akanitazama. Mimi nikainua macho kwenye taa, eti mwenye mkwara hatazamani na mtu. Vile vijidudu vya ziwani, vinavyoinuka majini kama moshi, vilikuwa vimeanza kuizunguka taa na kudondoka. Akaguna. Akainua karata zake mbili. Akazipeleka mbele, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyekata tamaa, kuelekea bakuli la kachumbari. Mama Mkubwa karata zake zikivuka kachumbari zimetupwa. Nimeona mara mia.

Hazikuvuka. Mimi ndiye niliyezivusha, kichwani.

Nikafunua zangu, chwap! Nikasimama. Maneno yangu yapo kwenye video, siwezi kuyakana: "Mmeona? Sina kitu! Sina hata jozi! Huo ndio mkwara, jamani!"

Kimya. Mkaa ukalia jikoni.

"Mbona unasimama, mwanangu?" akasema Mama Mkubwa. "Mimi natoa mdudu kwenye kachumbari."

Kwenye ncha ya karata yake alikuwepo, mdogo, wa kijani, bado anapiga mbawa.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akanisomea sheria niliyoiandika mwenyewe: dau likishatamkwa halirudi, karata zilizofunuliwa mapema hazifi, na asiyeongea bado ana haki yake yote. Miezi mitatu nahubiri kwamba anayeongea wa mwisho ana habari nyingi kuliko wengine. Nafasi ya Mama Mkubwa usiku ule ilikuwa na habari zote zilizopo duniani.

"Umesema huna hata jozi?"

"Sina, Mama Mkubwa."

"Basi mimi ninayo."

10 ya kopa na 10 ya pau. 10 za kunipa mfululizo zilikuwa nne tu, mbili ameshikilia yeye tangu mwanzo. Akahesabu 66 kwa sauti, kimoja kimoja, ili asinidhulumu. Kisha akanieleza kwa huruma kabisa: "Nilikuwa nikishamtoa huyu mdudu, nizitupe."

Yaliyofuata mnayajua. Ndoo, kisu butu, kanga ya shemeji kiunoni, sato 12, majirani ukutani. Sikulia. Gamba la sato wa saba liliniingia jichoni, mtazame dakika ya pili mtaliona likiruka.

Mama Mkubwa kapiga simu mchana huu. Atavuka tena Jumamosi, na amesema nisiwe na haraka, kile kiti cha upepo atanishikia.