Senene walivyotuharibia dili ya nyumba ya ufukweni

Mtu akikwambia anauza nyumba ya kifahari ya ufukweni Uganda usimcheke. Bahari hatuna ila ziwa tunalo, Ziwa Victoria, na ukikata kona kutoka barabara ya Entebbe ukaingia Garuga kuna majumba ambayo wewe mpita njia unaona ukuta tu na nyaya za umeme juu yake, bei wanataja kwa dola maana wakitaja kwa shilingi ya Uganda zile sifuri mteja anaweza kuanguka kabla hajafika sebuleni. Mimi kazi yangu pale ni ndogo, niko chini ya bosi mmoja bloka, nafungua geti, nawasha taa, namtembeza mteja na kumwambia "huku ndiko jua linakozama" hata kama ni saa nne asubuhi. Natokea Bukoba, ng'ambo ya ziwa hilohilo, na kilichonipa hiyo kazi ni Kiswahili tu maana bosi ana wateja wa Mombasa na Goma na yeye Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu sana".

Basi wakaja wateja, mtu na mkewe, wa Mombasa. Wafanyabiashara, wanataka nyumba ya kupumzikia isiyo mbali na uwanja wa ndege. Bosi alikuwa ameshawatumia picha na kuwaambia hiyo ni nyumba ya pwani, kwa hiyo Hajjati aliposhuka garini kitu cha kwanza akavuta pumzi ndeeefu akanigeukia, "Mwanangu, pwani hii mbona hainuki chumvi?" Nikamwambia Hajjati, hii ni ya maji matamu, halafu hapa tuko juu, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Akaniangalia tu.

Tukateremka mpaka kwenye kibanda cha boti. Sasa ukuta wa kile kibanda una mstari, juu ya mstari ni nyeupe safi, chini rangi imebanduka na kuna ukijani fulani hivi. Ule mstari uliachwa na ziwa lenyewe Mei 2020, maji yalipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja yakaivunja rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, hoteli na fukwe za Entebbe zikaogelea. Hajjati akaupapasa kwa kidole. "Na huu?" Bosi akanikata jicho, akawahi kujibu mwenyewe kwamba hiyo ni disaini, toni mbili, ndiyo fasheni sasa hivi. Mume wa Hajjati, mzee mpole wa miwani asiyeongea sana, akainama akang'oa gamba la konokono kwenye disaini akaliweka mfukoni.

Kuhusu ile kanuni ya mazingira ya mwaka 2000 inayotaka mita 200 zibaki wazi kando ya Ziwa Victoria, mimi niliambiwa nisiiguse na bahati nzuri hakuna aliyeuliza, manake pale veranda ukiangusha kijiko anakipokea samaki.

Shida ikabaki moja. Mgeni Uganda hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anapata lizi tu, yaani anapangishwa ardhi kwa muda, na mwisho wake miaka 99. Ile nyumba yenyewe mwenye nyumba aliijenga juu ya lizi, ardhi ni mailo, yaani ile ya kumilikiwa moja kwa moja kizazi hadi kizazi, mailo ya mzee mmoja wa kabila la Waganda ambaye babu yake aliipata kwenye ule mgao wa 1900, na karatasi zinasema lizi haihami kwenda kwa mtu mwingine mpaka Mzee aridhie. Kwa hiyo bosi akapiga akili, akasema tuwaalike wote chakula cha usiku palepale kwenye nyumba, wateja waone taa, Mzee ale ashibe asaini, mambo yaishe.

Akamleta shefu. Huyu shefu alikuwa hoteli kubwa huko, anavaa kofia refu na anaongea na vitunguu. Akasema anapika menyu ya msimu, kila kitu kiwe kilichopo sokoni mwezi huo na kisiwe kingi kwenye sahani, "wacha macho yale kwanza". Mwezi ulikuwa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nadhani umeshaona tunakoelekea. Akaenda soko la Nakasero kununua, akarudi na sangara, uyoga, parachichi na mfuko wa senene ambao wameshachambuliwa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu na pilipili, harufu ikafika mpaka getini na mimi mtu wa Bukoba nikaanza kusikia nyumbani kunaniita. Ila alivyowapakua jamani! Kipande cha parachichi unene wa sabuni ya gesti, juu yake senene watano wamesimamishwa wima kwa mstari, wote wanaangalia upande mmoja, kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa. Pembeni vitone vitatu vya sosi. Basi.

Bosi naye akakodi taa. Sio taa za sherehe, mataa, yale meupe ya kuchoma macho, akayaelekeza juu ukutani ili nyumba ionekane toka ziwani, mengine akazamisha kwenye bwawa la kuogelea. Nikamwambia bosi, mvua imenyesha mchana, ni Novemba, hizi taa huko Masaka watu wanazitumia kwa kazi nyingine kabisa, kutegea senene, wanaweka balbu za wati 400 na mabati na mapipa. Akaniambia mteja wa dola hanunui giza. Haya.

Saa moja na nusu Mzee akafika, kanzu nyeupe, koti juu, fimbo. Kiswahili anakijua, kile cha kambini maana alikuwa jeshi zamani. Nikapiga magoti nusu nikamsalimia Kiganda changu cha kuungaunga, naye akafurahi sana, akaanza kujitambulisha vizuri kama Waganda wenye adabu wanavyofanya, jina lake, la baba yake, la babu yake, halafu akamalizia "nneddira Nsenene."

Damu ikaniganda. Kwa asiyejua ni hivi, Waganda wana koo na kila ukoo una muziro wake, mnyama au samaki au mdudu, na mwenye muziro hamli, ni ndugu. Sisi Wahaya tunayo hayo hayo. Na huyu Mzee ambaye saini yake ndiyo komisheni yangu ya Krismasi ni wa ukoo wa Senene.

Nikatoka mbio mpaka jikoni. Shefu, senene watoe! Shefu hakunyanyua hata kichwa, alikuwa anamsimamisha wa mwisho kwa kibanio, akasema chakula kimeshapangwa na ukitoa senene sahani inabaki na parachichi tu, hiyo ni dharau kwa mgeni. Nikamwambia mgeni mwenyewe ni senene! Akaniuliza nimekunywa nini. Nikamkimbilia bosi, bosi si Muganda, katoka upande wa Tororo, na alikuwa katikati ya kumweleza Hajjati habari za marumaru ya Italia, akanipungia mkono nirudi nyuma, na nilipogeuka wahudumu washaingia na sahani zimefunikwa makawa ya fedha. Wakayafunua yote kwa pamoja, walifanyia mazoezi hiyo kitu mchana kutwa.

Kimya.

Mzee akaangalia sahani. Akavaa miwani akaangalia tena. Wale senene watano nao wanamwangalia. Akasema taratibu, "Nani alipika hii?"

Bosi kwa tabasamu akasema shefu wetu, ni chakula cha msimu, onja Mzee.

"Mimi nakula samaki, nakula kuku, nakula mbuzi. Hii hapana." Akagonga meza kwa kidole karibu na sahani. "Hii ni mimi."

Nikatafsiri, sikuwa na namna. Hajjati akaweka uma chini, "Astaghfirullah, yaani mwatulisha mwenye shamba?" Halafu akauliza kama mdudu mwenyewe ni halali, na hapo ndipo mumewe alipoongea kwa mara ya kwanza usiku ule, akasema nzige ni halali hata kuchinjwa hachinjwi, na huyu ni wa jamii hiyohiyo, ila alisema huku anatafuna na parachichi lake lilikuwa halina mtu juu. Alipoona wote tunamwangalia akaacha kutafuna. Akawa hajui ameze au ateme, akamtazama Mzee kwa huruma, akameza.

Mzee kwa kweli hakukasirika, ningependa angekasirika. Alihuzunika. Akaanza kutueleza historia ya ukoo wake polepole, bosi anaitikia "yes ssebo, yes ssebo" na jasho linamtoka, na katikati ya hiyo historia senene mmoja wa kijani akatua begani kwenye koti lake. Mzima huyo, ana mabawa. Mzee akamwangalia. Akaja wa kahawia. Mzee akasema, "Wamekuja."

Jamani walikuja. Kwanza ulikuwa mlio kwenye vioo, tk, tk, tktk, tukadhani mvua imerudi, halafu nikatazama juu kwenye yale mataa nikaona hewa yenyewe inatembea. Milango ya vioo ilikuwa wazi yote, si ndiyo ilikuwa fahari ya nyumba, sebule inaungana na ziwa, basi ziliungana. Wakaingia kwenye supu, kwenye mashada ya maua, kwenye buibui la Hajjati, Hajjati akapanda juu ya kiti cha ngozi na viatu vyake anaita "Yallah! Yallah!" na kitambaa cha meza kajifunika nacho, na kitambaa kimekuja na sahani zake zote. Bwawa la kuogelea lilijaa likawa kijani linacheza. Bosi anapiga kelele zima taa, zima taa, nikaenda kuzima.

Kumbe nje ya ukuta kijiji kizima kimeshaona. Mtu kasimama juu ya ukuta tayari ana ndoo kichwani, akanipigia kelele "Tozikiza ttaala!", hata asiyekijua Kiganda kabisa kwa sura yake angeelewa usizime. Na askari wetu wa geti, ambaye bosi anamlipa kuzuia watu, alikuwa amelifungua lile geti pande zote mbili na kofia yake ya kazi imeshajaa mpaka juu. Wakaingia akina mama na mabeseni, watoto na neti za mbu, kijana mmoja wa boda kavua helmeti anachotea kwenye bwawa, kuna mtu alifika na bati zima kabisa sijui alilitoa wapi usiku ule, akaliegemeza kwenye ukuta wa Italia na pipa chini, na senene wakigonga bati wanateleza moja kwa moja pipani, shwaaa. Shefu nilimwona kavua lile kofia refu. Lilibeba wengi sana.

Mzee akasimama katikati ya ule msukosuko, fimbo mkononi, hakuinua sauti sana lakini alikuwa sajini zamani kwa hiyo ilisikika. "Kula, kula. Lakini kukanyaga hapana!" Na watu wakatii, ndiyo kilichonichekesha mpaka leo, umati mzima unatembea kwa ncha za vidole juu ya marumaru, wanawaokota mmoja mmoja kwa adabu, bosi peke yake ndiye aliyekuwa anaruka ruka, na Mzee akamnyooshea fimbo, "Wewe! Huyo mjomba wangu!"

Mvua ilipokuja saa tano hivi ndipo wakapungua. Hajjati tulimshusha kwenye kiti. Bosi bado alikuwa na karatasi mfukoni, akazitoa, zimelowa, akaanza kusema kwamba nyumba imekaguliwa na iko tayari. Hajjati akamkatiza akaniambia mimi, "Mwambie, nyumba ya hela zote hizi nikiwasha taa waja wageni mia, nisipowasha nakaa gizani, ukutani pana konokono. Sitaki." Mumewe yeye alikuwa anauliza polepole kama kuna mfuko wa kufungia chakula.

Kesho yake saa moja asubuhi wakaja vijana wawili na pikapu ya mabati, hawakutaka nyumba, walitaka paa, wanakodi msimu mzima na jenereta wanakuja nayo wenyewe. Bosi akaona heri nusu shari, akataja bei. Mzee akapata habari, akaja na lizi yake mkononi akasema soma, inasema nyumba ni ya kuishi, biashara lazima yeye aridhie na alipwe, na kwamba hali senene lakini kodi anakula. Wakabishana hapo wawili hao mpaka saa sita, wakagawana.

Nyumba bado inauzwa. Bosi ameandika tangazo jipya, anasema ni makazi ya kifahari ya ufukweni yenye kipato cha msimu, na ameniambia picha tupige mchana tu.