Ramani za Appalachia: ya zamani au hii mpya?

Appalachia ni ile milima ya mashariki mwa Marekani. Mtu akikwambia kakulia kwenye "hollow" kule West Virginia au mashariki mwa Kentucky, anamaanisha kijibonde chembamba, kijito chini, barabara inakifuata hicho kijito na nyumba zimeshikana humohumo maana kwingine kote ni mwinuko. Ramani za karatasi za zamani za USGS, shirika la serikali ya Marekani linalochora ramani, zile za skeli ya 1:24,000, zinakuonyesha hayo bila maelezo: mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, imebanana pande mbili, alafu katikati kuna vidoti vyeusi vimejipanga. Kila kidoti ni nyumba. Kanisa lina kimsalaba chake, hata njia ya miguu imo.

Kuanzia 2009 zikaja US Topo, ramani mpya za USGS hiyohiyo, zinatolewa na kompyuta kutoka kwenye database za taifa, na nyumba za watu hazimo. Yani unaona mlima na barabara, wenyewe huwaoni!

Sasa wanaozitetea wana hoja, tena nzito. Karatasi ilikaa miaka na miaka bila kuguswa, na ikiboreshwa mara nyingi walichora kwa zambarau kutoka picha za ndege tu, hakuna aliyeenda kukanyaga pale. Na huko milima yenyewe inaondoka, makampuni ya makaa ya mawe yanalipua kilele na kifusi kinamwagwa bondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke 2016 walikuta maeneo yaliyochimbwa hivyo kusini mwa West Virginia yamekuwa tambarare kwa 40% zaidi kuliko mwanzo, kwahiyo ukienda na ramani ya miaka ya 60 utatafuta kilele ambacho hakipo.

Lakini hapohapo ndo naiona thamani ya ile ya zamani, maana ni ushahidi wa kilichokuwepo. Bwawa la Fontana huko North Carolina lilipojengwa miaka ya 40 maji yalimeza barabara na vijiji, na mpaka leo ndugu wanavushwa kwa boti kwenda kusafisha makaburi ya wazee wao ng'ambo.

Ila tusiigeuze msahafu. Bodi ya serikali ya majina ya mahali, iliyoanza 1890, karibu kote imefuta ile alama ya umiliki ya Kiingereza (') kwenye majina, kijito cha fulani kikabaki jina tu, na vijina vya wenyeji vingi havikuandikwa kabisa. Kidoti nacho hakikwambii kama nyumba ina mtu au ni gofu.

Kosa mimi siliweki kwa kompyuta, kuna mtu aliamua nyumba sio sehemu ya mandhari. Bahati nzuri zote mbili ni za bure, za zamani wameziskani zipo topoView, tovuti ya USGS, ilaze moja juu ya nyingine uone kontua zimehama wapi na vidoti vingapi viko chini ya kifusi.