Masanduku Yapimwe Chini ya Mwembe

Katika ukumbi wa kuondokea wa uwanja wa ndege jijini Dar es Salaam, mbele ya foleni ya watu waliokuwa wakitutazama bila kujificha, mama mmoja wa kwaya yetu alilazimika kulifungua sanduku lake sakafuni, kwa kuwa mizani ya kaunta ilisoma kilo 31 ilhali tiketi yake ilimruhusu kilo 23. Vilitoka unga wa dona uliofungwa katika mfuko wa kaki, dagaa wa kukaanga, karanga, madumu mawili ya asali ya lita 3 kila moja, doti kadhaa za vitenge ambazo bado zilikuwa zimekunjwa kama zilivyotoka dukani, na chini kabisa, peke yake, sweta moja nyembamba. Tulikuwa watu 14 wa ushirika mmoja wa Moravian hapa Tabora, tukienda Ujerumani mwishoni mwa Oktoba kwa wiki tatu za kuimba, kufundisha watoto na kuhudumu pamoja na ndugu zetu wa kule, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa safari.

Lililoniuma si sanduku la mama yule, bali jambo lililofuata. Tulipoambiwa tupunguze au tulipe, kila mmoja alikumbatia chake, na vitu vya kwanza kutolewa ni vile ambavyo havikuwa vya mtu yeyote: vitabu vya nyimbo, njuga na zile kayamba mbili tulizozifanyia mazoezi miezi minne. Vilirudi mjini na kijana aliyetusindikiza. Asali ikasafiri, kazi ikabaki. Na bado tulilipia uzito uliozidi, kwa fedha zilizotengwa kwa nauli za treni za huko tuendako.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya wazee wa kanisa hawaupendi, nami nauandika hapa kwa heshima zote: mzigo wa safari ya misheni usifungwe kwa siri chumbani. Wiki mbili kabla ya kuondoka, masanduku yote yaletwe kanisani, yafunguliwe na kupimwa chini ya mwembe mbele ya wasafiri wote, vitu vya huduma vikigawiwa kwanza kwa kila sanduku, kisha mtu ajaze vyake katika kilo zinazobaki.

Sisi wa Tabora hatupaswi kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Mji huu ulikua kwa sababu ya misafara, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Unyanyembe, yaani eneo letu hili, kwenda pwani alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka na sufuria yake mwenyewe. Uzito ule ulijulikana na kukubaliwa kabla kirangozi, yule kiongozi wa msafara, hajaanza safari, maana mzigo uliozidi ungemwangusha mtu porini, na mzigo wa mtu aliyeanguka huwaelemea wenzake. Nilitabasamu nilipogundua kwamba kilo 32 hizo hizo ndizo mashirika mengi ya ndege yameziweka kuwa mwisho wa uzito wa sanduku moja, hata ukiwa tayari kulipia, kwa ajili ya migongo ya wanaoyapakia.

Najua kinachojaza masanduku yetu, na si ulafi. Nilipomuuliza yule mama kwa nini hakusema mapema kwamba ana asali nyingi kiasi kile, alinitazama kwa mshangao. “Mwanangu, niende kwa watu mikono mitupu? Watasema Tabora hakuna watu.” Katika neno hilo kuna adabu yote tuliyolelewa nayo, na kuna hofu pia, ile hofu ya kuonekana maskini mbele ya watu ambao tunadhani wana kila kitu. Adabu naiheshimu. Hofu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwenye mizani.

Hata hiyo adabu inahitaji kufanyiwa hesabu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinamruhusu msafiri anayetoka nje ya Umoja huo kuingia na asali isiyozidi kilo 2 kwa matumizi yake. Nyama na maziwa haviruhusiwi kabisa, na matunda karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi na nazi. Embe la Tabora, kwa hiyo, libaki Tabora, hata kama msimu umekubali na mwenyeji wako aliwahi kulionja alipokuja kwetu akalisifia mpaka leo. Madumu mawili ya lita 3 ni zaidi ya kilo 8 za asali. Kama tungekaa pamoja mapema, kila mtu angebeba kichupa kimoja cha nusu kilo, wenyeji 14 wangepata asali ya miombo yetu, na hakuna ambaye angetetemeka mbele ya ofisa wa forodha.

Upande wa nguo nina dhihaka kidogo, nami naomba radhi. Tunabeba suti tatu na vitenge sita kwa ajili ya Jumapili tatu, kana kwamba tunakwenda kupokewa tu, ilhali ratiba ilisema wazi kwamba tutasaidia kukusanya majani katika ua wa kanisa na kutembea kwa miguu jioni katika baridi ya nyuzi 5. Makoti mazito yanapatikana hapa hapa sokoni, kwenye marobota ya mitumba, na kwa kuwa hakuna mtu mwenye shida nayo katika joto letu la Oktoba, muuzaji atakupa kwa bei ya shati. Langu lilikuwa na lebo ya Kijerumani kolani. Nilimrudisha mgeni kwao, naye akanitunza vizuri. Koti kama hilo livaliwe safarini, lisiwekwe sandukuni, na mifukoni mwake vitaingia vitu vya kilo nzima ambavyo hakuna atakayevipima.

Kuhusu dawa siwezi kuongea kwa mzaha. Mtu wa presha au wa sukari aweke dawa zake zote za safari katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari, kwa maana sanduku lililokwenda chini ya ndege linaweza kuchelewa siku mbili na mwili haungoji. Kila mwenyeji wa Tabora amewahi kufika au kusikia habari za tembe la Kwihara, ambako David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Miaka mitano kabla yake, Januari 1867, kasha lake la dawa lilipotea mikononi mwa mtu aliyetoroka na mzigo, naye akaandika kwamba aliona kana kwamba amehukumiwa kufa. Aliendelea na safari, lakini afya yake haikuwa tena ile ya mwanzo. Vitu vingine vyote angeweza kuvikosa.

Mengine ni madogo na yanajulikana: betri ya akiba ya kuchajia simu hukaa mkononi, kamwe haiingii katika sanduku la chini; vimiminika vya mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa; plagi zetu za miguu mitatu haziingii katika soketi za Ujerumani, basi adapta mbili tatu zinatosha kundi zima. Mtu mmoja ayaandike yote, basi.

Wapo wanaonijibu kwamba kufungua masanduku hadharani ni kuvunjiana heshima, kwamba mama mtu mzima hawezi kuonyesha nguo zake mbele ya vijana wa kwaya. Ni hoja ya haki, na jibu lake ni jepesi: nguo za ndani zikae katika mfuko wake uliofungwa, nao hautafunguliwa. Lakini aibu ile ya chini ya mwembe, kati ya watu wanaojuana, nailinganisha na ile ya sakafuni Dar es Salaam, na sioni ni kwa vipi ya pili ni nyepesi.

Wengine husema kwamba tukienda na mizigo midogo tutadharauliwa. Kanisa letu lina kumbukumbu nyingine kuhusu hilo. Mwaka 1732 wamisionari wa kwanza waliotoka Herrnhut, kijiji cha Wamoravian huko Ujerumani, kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, Leonhard Dober na David Nitschmann, walikuwa mfinyanzi na seremala, na walianza safari kwa miguu wakiwa na vitu vichache sana. Walichotegemea kuwapa watu kilikuwa mikononi mwao. Sisi tulikuwa na nyimbo, na vyombo vya kuzipiga tuliviacha Dar es Salaam, kisha tukaimba wiki tatu kwa kupiga makofi mbele ya watu waliokuwa wameahidiwa njuga.

Mwaliko mwingine umekuja, na kundi jipya la watu 10 limeshaanza mazoezi. Nimekwenda kwa mnunuzi wa asali wa mtaani kwetu kuazima mizani yake, ile ya ndoano anayoining'iniza kwenye tawi la mwembe anapopokea madumu kutoka vijijini. Amekubali kutuachia Jumamosi nzima bila malipo, mradi tuifute vizuri kabla ya kuirudisha na tusimruhusu kijana yeyote ajining'inize kupima uzito wake. Yule mama wa kwaya amesema atakuwa wa kwanza kupanga foleni, na sanduku lake atalileta tupu, ajazie pale pale.